Shujaa, Shujaa-kinyume na Deni la Hadithi

Ukitaka kujua kama mhusika wako mkuu ni shujaa au ni shujaa-kinyume, acha kuhesabu maovu yake. Angalia anapotaka kitu, gharama inamwangukia nani. Shujaa hulipa mwenyewe: kwa mwili wake, kwa jina lake, pengine kwa uhai. Shujaa-kinyume anapata anachokitaka, anayelipa ni mwingine, naye anajua. Hilo neno "anajua" ndilo lenye uzito wote. Asiyejua anachotenda ni mzembe tu. Anayejua na kufurahi mpe nafasi ya hasidi, yaani adui wa hadithi. Anayejua, akakosa usingizi, na kesho yake akarudia, huyo ndiye wa kuandikiwa hadithi.

Wengi wetu tuliingia kwenye uandishi na maneno ya darasani: mhusika bapa (asiyebadilika), mhusika duara (anayebadilika), foili (anayemkuza mwingine kwa kutofautiana naye). Yanasaidia kumchambua mhusika aliyekwisha kuandikwa. Mtu aliyekaa mbele ya karatasi tupu anahitaji jambo la kuamua kabla hajaanza, na jambo hilo ni deni: nani anamdai mhusika huyu, anamdai nini, na italipwa lini.

Kwanza tumweke kando Sungura, maana mara nyingi anaitwa shujaa-kinyume kwa kuwa anadanganya na kuiba. Sungura ni ayari, yaani mjanja wa ngano anayeishi kwa hila. Fisi anaumia, Simba anaaibika, na ngano inakwisha bila Sungura kujuta. Abunuwasi ni vivyo hivyo. Msikilizaji anawafurahia kwa sababu anayechezewa ni mwenye nguvu au mwenye tamaa, na kwa sababu ngano ni fupi. Ukimchukua ayari ukamtia katika riwaya ya maisha ya leo, kufikia hila ya tatu msomaji amechoka. Hila ya kwanza haikuacha kovu, kwa hiyo ya tatu haina pa kusimama. Ukitaka ayari, andika fupi.

Sasa shujaa. Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani ya kaskazini ya Kenya, anakumbukwa kwa nguvu zake, na kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, akakatia minyororo gerezani. Lakini kinachomfanya adumu ni kitovu. Mwili wake haudhuriki isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni, na anayekuja kuiuliza siri hiyo ni mwanawe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, baba anatambua kuwa mtoto ametumwa, na bado anamjibu. Litazame hilo kwa karibu. Shaba inaua mwili tu. Kilichomwangusha ni kwamba hawezi kumnyima mwanawe jibu. Kisha inakuja ile picha ya kisimani: amepiga goti, upinde umevutwa, na watu wa mji wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai.

Hapo kuna kipimo cha kufanyia kazi. Mpe shujaa wako kitovu kimoja, yaani mahali pamoja anapoweza kuangushwa. Kitokane na sifa yake njema, si na tabia mbaya iliyobandikwa pembeni: ukarimu, uaminifu kwa ahadi, mapenzi kwa mtoto. Kijulikane na mtu anayempenda. Na kionekane ndani ya robo ya kwanza ya hadithi, ili kisije kikaonekana kimezuka mwishoni kwa sababu mwandishi alihitaji mtu afe. Ukimpa vitovu vitatu, ulevi na woga wa maji na deni la kamari, hakuna hata kimoja kitakachomuumiza. Vyote vinakuwa mapambo.

Shujaa asiye na kitovu hugeuka hotuba. Mtu anaweza kusema, mbona Karama wa Shaaban Robert katika Kusadikika, kitabu cha 1951, hana doa? Ni kweli. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha sheria, naye anasimama barazani kujitetea bila kuyumba. Lakini Kusadikika ni nchi ya kufikirika, majina yake ni ya majazi, yaani yanataja tabia ya mwenye jina, na msomaji anajua tangu mlangoni kwamba anasoma fumbo. Ukiandika hadithi ya Temeke au ya Kisumu, yenye nauli, kodi ya nyumba na foleni ya maji, kisha ukampa mhusika wako usafi wa Karama, umevunja makubaliano na msomaji. Atakusikia wewe ukihubiri nyuma ya mdomo wa mhusika.

Kwa shujaa-kinyume, mfano mzuri wa Kiswahili ni Kazimoto katika Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, 1974. Ana hasira ya haki: dada yake alipewa mimba na Manase. Anachagua kulipiza kwa kumwendea Sabina, dada yake Manase, ambaye hakumkosea lolote, halafu anampenda. Sababu ni ya haki, njia ni ya dhuluma, na anayepangiwa kulipa hahusiki. Na anayesimulia ni Kazimoto mwenyewe, kwa hiyo tunasikia akijipa ruhusa hatua kwa hatua. Ukikosa sababu ya haki, msomaji hatamfuata mhusika wako. Ukikosa dhuluma, unaandika shujaa mwenye huzuni.

Tufanye kazi sasa kwa mfano wa kubuni, hadithi fupi ya maneno 3,000. Selemani ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika kule Masasi, kusini mwa Tanzania, msimu wa korosho. Magunia yanakuja ya kilo 80 hivi. Utaratibu wa chama chake ni kutoa kilo 1 kwa ajili ya uzito wa gunia lenyewe. Selemani anatoa 2. Kwa magunia 40 ya siku moja, hizo ni kilo 40 zisizoandikwa kwa jina la mkulima yeyote. Anazikusanya kumlipia ada binti wa marehemu kaka yake.

Lile analotaka liingie ndani ya maneno 200 ya mwanzo, na liwe kitu cha kushikika: fomu ya shule yenye orodha ya mahitaji, godoro, ndoo, sare mbili. Dhuluma ya kwanza iingie kabla ya neno la 600. Ukichelewa zaidi ya hapo, msomaji ameshampenda mtu mwingine, na dhuluma itamjia kama usaliti wa mwandishi. Sentensi kama hii ifutwe: "Selemani hakuwa mtu mbaya, ila maisha yalimlazimu." Hiyo ni hukumu, na umeitoa kabla ya ushahidi. Andika tendo:

"Mshale ulisimama kwenye themanini na moja. Selemani akaandika sabini na tisa, akafunika kalamu, akamuuliza Bi Somoe hali ya mjukuu."

Swali la mjukuu ndilo linalofanya kazi hapo. Mwizi asiyejali asingeuliza. Na Bi Somoe ana jina, ana magunia matatu, anahesabu kwa vidole chini ya kanga kwa kuwa hajui kusoma. Kabla ya neno la 1,000 mlipaji awe na uso. Kosa linaloua hadithi nyingi za aina hii ni kuwaacha wanaodhulumiwa wakiwa "wakulima" au "wananchi". Kundi halidai, anayedai ni mtu.

Kisha mpe mpaka asiouvuka. Selemani hagusi magunia ya mtu aliyeingia kangomba, yaani aliyewauzia walanguzi sehemu ya korosho zake kwa bei ya kutupa kwa sababu ya shida. Hao wamekwisha kuibiwa, anajiambia, siwezi kuwa wa pili. Mpaka huu una faida mbili. Unaonyesha kwamba ana dhamiri yenye hesabu zake, na unakupa mahali pa kwenda, kwa sababu mpaka uliotajwa lazima uvukwe au ulindwe kwa gharama kubwa. Uweke mtihani huo karibu na theluthi mbili ya hadithi.

Lakini kabla ya hapo kuna mstari ambao waandishi wengi wanausahau, na kwangu ndio moyo wa hadithi yote: siku ada imekamilika, na kesho yake Selemani bado anaandika sabini na tisa. Usiueleze. Usimpe hata wazo moja kichwani. Sababu aliyotupa ukurasa wa kwanza imekwisha, mkono unaendelea, na msomaji ambaye hadi hapo alikuwa upande wake anabaki peke yake na swali.

Majeraha ya utotoni yana mahali pake. Ukiyaweka mwanzoni yanakuwa msamaha ulioombwa kabla ya kosa, na msomaji wa Kiswahili, aliyelelewa na vikao vya wazee, anaitambua hila hiyo haraka. Yaweke baada ya dhuluma ya pili, kwa sentensi 2 au 3 tu, na yatajwe na mtu mwingine, si na mhusika mwenyewe.

Ukorofi nao si deni. Kuna mhusika anavuta sigara, anatukana mama lishe, analala na viatu, na mwandishi anaamini amepata shujaa-kinyume. Muulize: nani kapungukiwa kwa sababu yake? Kama hakuna, huyo ni mtu wa kawaida mwenye adabu mbaya.

Kwa wahusika wanawake kasoro ni nzito zaidi na inastahili kusemwa waziwazi. Katika miswada mingi mwanamke akikengeuka, kosa lake ni la kitandani, na adhabu yake ni maradhi au kifo. Hilo linamnyima hata heshima ya kuwa na deni la maana. Mwandike kijumbe, yaani msimamizi wa fedha, wa upatu wenye wanachama 12, anayempa mdogo wake zamu ya pili iliyokuwa ya jirani mwenye mtoto mgonjwa. Kuna fedha, kuna daftari, kuna upendo wa kweli kwa mdogo wake, na kuna jirani anayepita mbele ya mlango kila asubuhi. Hadithi nzima imo humo.

Mpinzani abadilike kulingana na nani uliyemweka katikati. Mbele ya shujaa, hasidi awe na nguvu zaidi. Mbele ya shujaa-kinyume, mpinzani awe na haki zaidi, na hapo hadithi inawaka. Mkague Selemani kwa kijana mhasibu mwaminifu kabisa, asiye na huruma, asiyemjua Bi Somoe hata kwa jina. Msomaji atataka kijana ashindwe, huku akijua kwamba kijana ndiye anayesema kweli.

Wakati wa kuhariri, chukua kalamu nyekundu. Kila mahali katika mswada ambapo kitu kinapotea, pesa, heshima, muda, imani ya mtu, andika pembeni jina la aliyepoteza. Kama jina ni la mhusika mkuu karibu kila mara, una shujaa, hata kama analewa. Kama majina ni ya wengine, una shujaa-kinyume. Kurasa 5 zikipita bila jina lolote pembeni, hapo hadithi imelala; kata au ongeza gharama. Na ukiona majina yanabadilika ghafla katika ukurasa wa mwisho, mhusika akatubu na kulipa kila kitu kwa aya moja, rudi nyuma. Toba igharimu zaidi ya faida aliyoipata, na igharimu mbele ya watu. Kurudisha fedha kwa siri usiku ni njia ya kuendelea kujificha.

Mwisho wa Selemani usiuachie polisi. Pingu zinafunga kesi, lakini deni la Bi Somoe linabaki palepale. Mrudishe kwenye mizani msimu unaofuata, akiwa mkulima kwenye foleni na magunia yake mawili, chini ya karani mpya asiyemfahamu. Bi Somoe yuko nyuma yake kwenye foleni. Mshale unasimama kwenye themanini na moja. Karani anainua kalamu. Kata hapo, kabla namba haijaandikwa.