Mwanangu yuko kwenye unga: tumfungie ndani tena?

SWALI: Mimi ni mjane wa miaka 61, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Kitinda mimba wangu ana miaka 28. Alianza unga, yaani heroini, kwa kuvuta, sasa anajidunga. Mwezi wa tatu tulimfungia chumbani siku tisa, arosto, yale mateso ya kukosa unga, ikamtoka, hata uso ukarudi. Wiki mbili tu, yuko kijiweni. Kaka zake wanataka tumfungie mwezi mzima. Methadoni, ile dawa ya kunywa wanayopewa hospitalini badala ya unga, wanasema ni unga wa serikali. Mimi nalala sebuleni nikilinda tivii. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo mama. Msimfungie, na sisemi hivyo kwa huruma tu.

Arosto ya heroini huanza kati ya saa 6 na 12 tangu kete (kipakiti cha unga) ya mwisho, hupamba moto siku ya pili na ya tatu, kisha hupoa ndani ya wiki moja hivi. Hapo mlifanikiwa. Lakini siku zile tisa mwili wake ulipoteza uzoefu wa kuhimili unga. Kipimo alichokuwa akijidunga bila shida sasa kinaweza kumkata pumzi. Wengi tunawapoteza hivyo: katoka jela, katoka soba (nyumba ya kuachia unga), katoka chumbani kwa mama, akarudia kipimo chake cha zamani. Mwezi mzima utaikuza hatari hiyo. (Wenye watoto wa pombe nao wasikie: mlevi wa kila siku akikatishwa ghafla nyumbani anaweza kuanguka kama mwenye kifafa na kufa. Huyo apelekwe hospitali.)

Hilo la unga wa serikali nalisikia kila wiki pale dirishani ninapogawa dawa. Sikufichi, methadoni na heroini ni ukoo mmoja. Zinatofautiana mwendo. Heroini hupanda ghafla na kuisha baada ya saa chache, ndiyo maana kijana anahangaika kutafuta kete mara tatu nne kwa siku, na hapo ndipo simu ya dada yake inapopotea. Methadoni hupanda polepole, na ikishafikia kipimo chake, dozi ya leo asubuhi inamshika hadi kesho. Muhimbili walianza kuitoa 2011, wakafuata Mwananyamala na Temeke. Kwenu, Temeke si mbali. Ni bure, na anainywa mbele ya mhudumu kila siku, Jumapili na sikukuu pia.

Tunaanza na kipimo kidogo, miligramu 30 au chini yake, tukipandisha taratibu. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo atalalamika haimshiki, na huenda akaongezea kete, pombe au vidonge vya usingizi. Hizo ndizo wiki za kuamka usiku kumchungulia. Ukisikia mkoromo usio wa kawaida, midomo imebadilika rangi, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano na haamki ukimtikisa, mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, mseme wazi ametumia nini. Msimmiminie maziwa wala maji ya chumvi, yataingia mapafuni.

Na akiwa anakohoa wiki mbili, apimwe TB. Rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB huifanya methadoni iishe mwilini haraka. Akianza dawa hizo kisha akasema dozi haimshiki tena, msimwone mwongo. Amwambie daktari, dozi itapandishwa.

Kumbuka lakini kwamba ni mtu mzima. Lazima akubali mwenyewe. Akiburutwa na kaka zake, kesho haji. Zungumza naye asubuhi, akiwa hajazima na arosto haijambana, umwambie jambo moja tu: nitakwenda na wewe. Nauli ishike wewe au kaka yake mnayekwenda naye. Madeni ya kijiweni usiyalipe hata wadai wakija mlangoni na mwanao akilia, kwa sababu ukilipa mara moja, wanajua dirisha lako liko wapi.

Kaka zake wamekwisha nunua kufuli? Basi lifungeni kwenye chumba chako. Tivii ihamie humo, na wewe urudi kulala kitandani.