Barua kwa mwanangu: mchuzi wa bata mzinga wa Krismasi

Mama, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mwaka huu Krismasi ni kwako South B, watu 12 pamoja na wakwe zako, na bata mzinga wa kilo sita tayari yumo kwenye friza. Nyama huiogopi, unaogopa mchuzi. Unataka ule mzito wa rangi ya kahawia, unaonukia majani ya viungo, usio na madonge, na unauliza kama utumie poda ya pakiti kutoka dukani.

Poda usiitumie. Zaidi ni chumvi na wanga, na ukiionja utajua haijawahi kukaribiana na ndege yeyote. Umenunua bata mzima mwenye shingo, firigisi, mbawa na mifupa, kwa hiyo mchuzi unao tayari, kazi iliyobaki ni kuutoa. Majani huleta harufu. Ladha yenyewe inatoka kwenye mifupa, na kwenye yale mabaki yanayogandia chini ya trei ya kuokea. Mtu akikosa hivyo viwili, hata aweke shamba zima la rozimari, atanywesha wageni maji ya unga yenye manukato.

Basi anza mapema. Bata wa kilo sita aliyeganda huchukua kama siku tatu kuyeyuka ndani ya friji, chini kabisa, juu ya sinia ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Mtoe kwenye friza asubuhi ya tarehe 21. Usimwache juu ya meza ayeyuke, maana ngozi hupata joto na kuanza kuharibika wakati ndani bado ni barafu. Tarehe 24 tia mkono tumboni, na kwenye sehemu ya shingo pia: mara nyingi hao wa kugandishwa huwekewa vitu vya ndani kwenye kimfuko. Chukua shingo, firigisi na moyo, ukate na zile ncha za mbawa. Ini liweke kando ulikaange na vitunguu ule kwa chai, kwa sababu kwenye supu ya mifupa, ambayo ndiyo msingi wa mchuzi, huleta uchungu.

Hivyo peke yake havitoshi watu 12. Ongeza kilo moja ya mbawa za kuku, na miguu ya kuku kama sita hivi, ile inayouzwa kwa bei ndogo mitaani. Mume wako asikunje uso. Miguu ya kuku ni ngozi na kano tupu, na ikichemka taratibu hutoa ule utelezi unaofanya mchuzi ushike mdomoni bila kumwaga unga mwingi. Kwenye majiko ya hoteli nilikofanya kazi hapa mjini, hatukuwahi kupika supu ya maana bila hiyo.

Sasa tazama hapa kwa makini. Pasha mafuta kidogo kwenye sufuria pana yenye kitako kizito, panga mbawa na shingo bila kuzibananisha, kisha uache. Usikoroge. Zitashika chini, na ukizivuta mapema zitakataa. Zikishakuwa kahawia zitaachia zenyewe, ndipo uzigeuze. Ukiona unyevu umejaa na nyama imekuwa ya kijivu, umejaza kupita kiasi, toa nusu. Zikiiva rangi pande zote, tia vitunguu viwili vilivyokatwa kati na maganda yake (ganda la kitunguu linaongeza rangi), karoti mbili, punje kumi za pilipili manga na vijiti vya thaimu ulivyochambua majani. Weka miguu, firigisi na moyo, mimina lita tatu za maji baridi.

Ichemke kidogo kidogo, si kwa fujo, bila kifuniko, saa tatu. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,700, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo muda wa vitabu vya watu wa pwani na ng'ambo usiutegemee sana. Engua povu. Chumvi usitie hata punje, kwa sababu supu inapungua na chumvi haipungui. Chuja, ipoze haraka kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, halafu friji. Asubuhi utaikuta imeganda na kutikisika, mafuta yameelea juu. Yaengue uyahifadhi, tutayatumia.

Siku yenyewe, bata anapoingia kwenye oveni, tandaza vitunguu na karoti chini yake na umimine kikombe cha maji kwenye trei. Ongeza kila ikikauka. Mabaki ya trei yakiwa kahawia ni mali. Yakiwa meusi ni uchungu, na hakuna sukari wala siagi itakayouondoa. Bata akifika nyuzi 74 kwenye paja, karibu na mfupa bila kuugusa, mtoe umfunike kwa foili apumzike dakika 40. Wengi huona muda huo kama wa kupotea, kwako ndio muda wa mchuzi.

Mimina yaliyo kwenye trei ndani ya jagi la kioo. Mafuta yatapanda juu. Weka trei tupu juu ya moto mdogo, tia kikombe cha supu moto, ukwangue kwa mwiko hadi pembeni kote kuwe safi. Hayo maji ya kahawia ndiyo roho ya shughuli yote, yachanganye na supu iliyobaki. Jumla ikifika lita mbili umetosheka: wataweka kwenye nyama, halafu utaona mikono ikirudi kwa ajili ya mukimo na chapati.

Kwenye sufuria nyingine weka vijiko 12 vikubwa vya mafuta, yale ya jagi na yale ya jana, pungufu malizia kwa siagi. Tia matawi mawili ya rozimari na majani ya seji kama kumi. Harufu ya majani haya magumu huingia kwenye mafuta kuliko kwenye maji, ndiyo maana hatuyasubirishi hadi mwisho. Seji ikikauka na kuwa karakara, itoe uiweke kando kwa kupamba nyama. Rozimari itoe pia baada ya dakika mbili. Ikikaa zaidi, mchuzi unanuka dawa ya kuchua.

Kisha vijiko 12 vya unga wa ngano. Usiguse unga wa ugali, huo utakupa uji. Koroga kwa ile waya ya kupigia mayai, moto wa wastani, dakika nne hivi, mpaka harufu ya unga mbichi iishe na jikoni kunukie kama chapati inapoanza kuiva. Madonge uliyoyaogopa hutokea unga mkavu ukikutana na maji moto: nje ya donge panaiva na kujifunga, ndani panabaki unga. Ukishaupaka kila punje mafuta, zinaachana. Mimina supu ikiwa moto, upawa mmoja kwanza, koroga mpaka ilainike, wa pili, wa tatu, halafu iliyobaki.

Iache ichemke polepole dakika kumi, na majani ya thaimu uliyochambua jana yaingie dakika za mwisho. Mchuzi huzidi kuwa mzito ukipoa, kwa hiyo uzime ungali mwepesi kuliko unavyoutaka. Sasa onja, ndipo utie chumvi na pilipili manga. Ukionekana mzito mno, ongeza supu. Ukiwa mwepesi, subiri uchemke, usikimbilie unga mkavu. Ukihisi umelala, matone machache ya limau yatauamsha.

Dania naipenda, unajua, lakini iache kwenye kachumbari. Humu inagombana na seji. Nyanya pia usitie, hata shangazi zako wakisimama mlangoni wakishauri.

Majani mabichi utayapata soko la City Park pale Parklands. Ile rozimari ya ua wa barabarani usichume. Ina vumbi la magari na huenda imepuliziwa dawa.

Mchuzi utakaobaki usikeshe mezani. Ndani ya saa mbili uwe friji, uliwe kwa siku mbili zinazofuata, na kila ukiupasha uchemke kabisa. Na kama stima itapotea siku hiyo, kazi hii yote ya mchuzi ni ya gesi. Hakikisha mtungi umejaa kufikia tarehe 23.

Supu ya tarehe 24 nitakuja tuichemshe pamoja ukitaka. Niambie saa ngapi, na kama nibebe ile sufuria yangu kubwa.

Baba yako