Jumla Ikija Mara Tatu, Usiilaumu SUM

Msomaji mmoja ameniandikia: ripoti yake inaonyesha fedha nyingi kuliko zilizopokelewa. Swali la SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, linakubali, halitoi kosa lolote, na ameshalisoma mpaka macho yamechoka. Akatuma majedwali yake matatu: oda, bidhaa_za_oda na malipo. Majina hayo tu yalitosha kuonyesha kasoro ilipo, maana ugonjwa huu ni wa kila siku na una dalili zilezile.

Tuchukue oda moja, namba 17. Ina bidhaa tatu, za 400, 350 na 250. Mteja amelipa kwa awamu mbili, 600 kisha 400. Deni ni 1000, malipo ni 1000, hakuna anayemdai mwenzake. Swali lake, ambamo SUM hujumlisha na GROUP BY hukusanya pamoja mistari ya kila oda, ni hili:

SELECT o.id, SUM(b.thamani), SUM(m.kiasi)
FROM oda o
JOIN bidhaa_za_oda b ON b.oda_id = o.id
JOIN malipo m ON m.oda_id = o.id
GROUP BY o.id;

Jibu linalorudi: bidhaa 2000, malipo 3000. Na JOIN haijakosea hata kidogo. Kazi yake ni kuoanisha kila mstari wa huku na kila mstari wa kule unaotimiza sharti la ON. Bidhaa 3 mara malipo 2 ni mistari 6, kwa hiyo kila malipo yamehesabiwa mara tatu na kila bidhaa mara mbili. Ukitaka kuyaona kwa macho, ondoa SUM na GROUP BY, andika SELECT * na WHERE o.id = 17. Fanya hivyo kabla ya kumsumbua mtu. Nusu ya maswali ninayotumiwa yangejibiwa na hiyo mistari sita.

Wengi hukimbilia SUM(DISTINCT m.kiasi). Kwa oda 17 itatoa 1000 na utashangilia. Ngoja mteja mwingine alipe 500 mara mbili: DISTINCT itaona 500 moja, na ripoti itamdai mtu aliyemaliza kulipa. Umehama kutoka kosa linaloonekana kwenda kosa linalojificha, na hilo la pili ndilo baya zaidi.

Dawa ni kujumlisha kila upande peke yake mpaka ubaki na mstari mmoja kwa kila oda, ndipo uunganishe:

SELECT o.id, b.deni, m.lipwa
FROM oda o
JOIN (SELECT oda_id, SUM(thamani) AS deni
      FROM bidhaa_za_oda GROUP BY oda_id) b ON b.oda_id = o.id
LEFT JOIN (SELECT oda_id, SUM(kiasi) AS lipwa
      FROM malipo GROUP BY oda_id) m ON m.oda_id = o.id;

Kabla ya kila JOIN, jiulize: mstari mmoja wa jedwali hili ni kitu gani? Sikuulizi jedwali linahusu nini, nauliza mstari mmoja ni nini. Katika malipo ni awamu moja ya kulipa. Katika bidhaa_za_oda ni bidhaa moja ndani ya oda moja. Usipoweza kulijibu kwa sentensi moja, usiguse SUM.

Nimeweka LEFT JOIN upande wa malipo kwa makusudi, ili oda ambayo haijalipiwa kabisa isipotee. Lakini hapo ndipo NULL inapoingia. NULL si sifuri, wala si maandishi matupu. Maana yake ni kwamba thamani haijulikani. 1000 ukitoa kisichojulikana unapata kisichojulikana, na WHERE hupitisha tu lililo kweli. Kwa hiyo ukiandika WHERE b.deni - m.lipwa > 0 ili upate wadaiwa, orodha itawataja waliolipa kidogo na kuwaacha wale ambao hawajalipa hata senti. Wadaiwa sugu wote wamesamehewa na alama ya kutoa! Andika COALESCE(m.lipwa, 0), inayoweka 0 pale penye NULL.

NULL hiyohiyo huua NOT IN. Swali la WHERE id NOT IN (SELECT oda_id FROM malipo) hurudisha mistari sifuri ikiwa malipo yana oda_id moja tu iliyo NULL. Tumia NOT EXISTS, inayouliza tu kama kuna mstari unaolingana au hakuna, kisha uifanye oda_id kuwa NOT NULL ili tatizo lisizaliwe tena.

Sasa tuje kwenye ufunguo, yaani kolamu inayotambulisha kila mstari, ambao watu huupita haraka kwa kudhani wanaujua. Edgar Codd, alipochapisha wazo la hifadhidata ya mahusiano, yaani ya majedwali kama haya, mwaka 1970 akiwa mtafiti wa kampuni ya IBM, alilijenga juu ya hesabu za seti, na ndani ya seti kitu hakijirudii. SQL, iliyobuniwa hapohapo IBM na Chamberlin na Boyce, haikushika sharti hilo: jedwali lisilo na ufunguo hupokea mistari miwili inayofanana bila kunung'unika. Ulinzi ni kazi yako.

Na kolamu ya id inayojiongeza yenyewe si ulinzi. Mtumiaji akibonyeza kitufe mara mbili, malipo yaleyale yanaingia kama id 801 na id 802, na hifadhidata inaona vitu viwili tofauti. Id hutambulisha mstari. Haisemi lolote kuhusu malipo yenyewe. Weka UNIQUE, sharti linalokataa thamani kujirudia, kwenye kinachotambulisha malipo katika dunia halisi, kwa mfano namba_ya_risiti. Kumbuka pia kuhifadhi kiasi kama NUMERIC(12,2) na si FLOAT, maana kwenye FLOAT 0.1 na 0.2 hazifanyi 0.3 kamili.

Ufunguo wa kigeni, yaani kolamu kama oda_id inayorejelea mstari wa jedwali jingine, nao una mitego yake midogo. SQLite kwa kawaida haiukagui mpaka uandike PRAGMA foreign_keys = ON katika kila muunganisho. PostgreSQL huukagua, lakini haitengenezi faharasa (index, orodha ya kutafutia haraka) kwenye kolamu inayorejelea, kwa hiyo kufuta oda moja kunaweza kuilazimu ipekue jedwali zima la malipo. Andika CREATE INDEX ON malipo (oda_id) mwenyewe.

Kama nakala zimeshaingia, UNIQUE itakataa kuwekwa. Zitafute kwanza:

SELECT namba_ya_risiti, COUNT(*)
FROM malipo
GROUP BY namba_ya_risiti
HAVING COUNT(*) > 1;

Risiti 12 zikitokea mara mbili kila moja, mistari ya kufutwa ni 12. Anza na BEGIN, inayofungua muamala (kazi ambayo bado unaweza kuibatilisha), fanya DELETE, tazama idadi iliyofutwa. Ikisoma 24, umefuta nakala pamoja na asili yake: andika ROLLBACK, yote yarudi yalivyokuwa. Ikisoma 12, rudia swali la HAVING, hakikisha halirudishi kitu, ndipo uandike COMMIT kuyathibitisha mabadiliko. ALTER TABLE ya kuweka UNIQUE ije baada ya hapo, kwa sababu kwenye MySQL amri hiyo huhitimisha muamala ulio wazi bila kukuuliza, na ROLLBACK haitakuwa na cha kurudisha.