Muulize Sista Mstaafu: Mume daktari, nyumbani tunamwona kwa kuotea

Shikamoo Sista. Mume wangu ni daktari bingwa wa upasuaji hapa Kigoma. Tulipohamia kutoka Dar es Salaam tulipanga nyumba Bangwe, mimi ndiye niliyependa upepo wa ziwa. Simu yake inalia usiku wa manane, anatoka, harudi mpaka nimeshampeleka mtoto chekechea. Juzi mtoto alimkuta sebuleni mchana, akamwamkia kama mgeni. Hivi mpasuaji anaweza kweli kuwa mume na baba, au nimwachie hospitali yake? – Mama wa mmoja, Kigoma.

Marahaba mwanangu. Anaweza. Namjua mmoja, nilisimama naye thieta miaka mingi katika hospitali ya misheni huku milimani Buha. Yu hai bado, amevuka 80, na asubuhi utamkuta anapalilia michikichi yake.

Alisomea Muhimbili enzi zile chuo kikiwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuja kwetu kijana mwembamba, mkewe mwalimu wa shule ya msingi, na hakukuta mpasuaji mwingine wa kupokezana naye. Wala usidhani alichagua kiungo cha kupasua. Asubuhi busha na ngiri, mchana mtoto kaanguka mchikichini kavunjika mkono, usiku mama mwenye uchungu wa siku mbili analetwa kwa machela, au mzee utumbo umejisokota. Jenereta ikigoma tulimalizia kushona kwa tochi. Jasho linamtiririka usoni na hakuna wa kumfuta, maana kila mwenye mikono ana kazi.

Watoto aliwapata sita, na wote wamelelewa na baba. Alifanyaje? Chakula cha usiku alikifuta kabisa. Alimwambia Mwalimu mapema kwamba usiku si wake, asisubiriwe. Ila saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa ya watoto. Hata kama katoka thieta alfajiri hiyohiyo, alinawa, akaketi mezani, uji ukamiminwa, madaftari ya hesabu yakafunguliwa. Nasi tulijua: kama mgonjwa havuji damu, subiri mpaka saa moja. Kuna mganga mmoja mgeni aliyewahi kumfuata pale mezani kwa sababu ya karatasi ya kusaini. Alipewa kikombe cha uji na daftari la mtoto wa darasa la tatu asahihishe.

Halafu nyumba. Yeye aliishi kwota, nyumba ya watumishi, ng'ambo ya ua wa hospitali. Hakukuwa na simu, mlinzi aligonga dirisha. Akiitwa kwa operesheni ya muda wa saa moja, muda si mrefu amerudi kitandani kwake. Mumeo akiitwa kwa operesheni ileile, kuna gari, kuna barabara, na akimaliza saa tisa usiku anajiuliza arudi Bangwe kufanya nini na asubuhi kuna raundi. Anajilaza kwenye kochi la ofisini. Mwanangu, huyo hakukimbii wewe, anakimbia safari.

Na hili la makazi si fikra zangu za uzeeni. Marehemu Dk. Godfrey Mbaruku, bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, alipokuwa hospitali ya mkoa hapo Kigoma, yeye na wenzake walianzisha mpango wa hatua 22 uliofuatiliwa kuanzia 1987 hadi 1991. Nyingi zilikuwa za gharama ndogo: vikao vya mara kwa mara vya kukagua kazi, damu ya kuongezea iwepo, vifaa vitunzwe, watumishi waendelee kufundishwa wakiwa kazini, malalamiko ya wananchi yasikilizwe. Na mojawapo ilikuwa umbali wanaosafiri watumishi muhimu kufika hospitali. Kati ya 1984 na 1991 vifo vya uzazi pale vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Wengine husifu tarakimu. Mimi hunifurahisha kwamba kuna mtu aliketi akafikiria daktari analala wapi.

Usidhani lakini kwamba kwa Mwalimu kulikuwa shwari siku zote. Baba yake mzazi alipofariki, mumewe alikuwa thieta, na alifika msibani kaburi limeshafukiwa. Wiki nzima Mwalimu hakumsemesha. Ujumbe ulipita kwa watoto: "Mwambieni baba yenu chumvi imeisha." Mumewe naye si mtu wa maneno. Ila tangu hapo aliwageukia madaktari wasaidizi wetu wawili. Kumpasua mama mjamzito walishasomea, tatizo ni kwamba yeye alikuwa na tabia ya kuwanyang'anya kisu. Sasa akawaachia. Yeye anaketi kwenye benchi nje ya mlango na gazeti la juma lililopita, kurasa hafungui. Baada ya hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza anapanda treni na familia nzima kwenda likizo.

Kwa hiyo kabla hujamwachia hospitali yake, muulize zamu wanapokezana wangapi. Kama yuko peke yake, hilo ni la kupeleka kwa mganga mfawidhi, na alipeleke yeye, si wewe. Ulizeni kama kuna kwota, hata kama haina upepo wa ziwa. Kisha chagueni muda wa saa moja, mchana au asubuhi, uwe wa mtoto, muulinde. Wapo wanaume wanaojificha nyuma ya zamu, sikatai. Lakini ratiba hubandikwa ukutani, na masista tunajua kila kitu.

Nyongeza moja. Akirudi na uso wa usiku mbaya, usimhoji. Mzee wetu akifiwa na mgonjwa mezani, alirudi akaosha baiskeli, hata kama ni safi. Mwalimu alimletea ndoo ya pili ya maji, akaingia zake ndani.

Shikamoo Sista. Niko kidato cha nne, Kasulu. Nataka kuwa daktari wa upasuaji, ila kaka ananitisha kuwa nitazeekea shuleni. Ni miaka mingapi? Na kemia siipendi.

Marahaba. Kaka yako hajadanganya sana. Kidato cha tano na sita ni miaka 2, mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia. Shahada ya udaktari miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Hapo umeshakuwa daktari, bingwa bado. Ubingwa wa upasuaji huchukua miaka 3 au zaidi, na wengi hufanya kazi kwanza ndipo warudi darasani. Hesabu mwenyewe. Watoto wote sita wa mzee niliyemtaja hapo juu waliiogopa hesabu hiyo. Mmoja ni fundi magari, anadai kazi ni ileile ya baba, ila wateja wake hawahitaji nusu kaputi. Kemia hutaikwepa. Tafuta mwalimu wa ziada sasa, usingoje mtihani wa Novemba.