Gridi ichomwe na mashine yenyewe: namna ya kuweka maandishi ya leza mahali pake

Mteja akikuletea kibao cha mninga uchonge majina ya maharusi, mara nyingi hana kibao cha pili. Majina yakisogea milimita tatu upande mmoja, kila atakayekishika kibao hicho ataona upogo kabla hajasoma kilichoandikwa, na mninga ukishaungua huwezi kufuta. Mimi nachonga kwa leza ya dayodi, zile mashine za wazi zenye reli na mikanda, na fundi yeyote anayeanza akiniuliza anunue nini kwanza, humwambia asinunue kitu. Achukue ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao uliogandamizwa, aufunge chini ya mashine, achome gridi, yaani mistari ya miraba yenye namba za vipimo.

Nasema achome, kwa kuwa wengi huchapisha gridi ya karatasi dukani wakaibandika mezani. Printa hupunguza ukubwa kidogo ili ukurasa utoshe, karatasi yenyewe hupinda kwa unyevu wa hewa, na ukiibandika kwa jicho tu haitalala sambamba na reli. Mistari iliyochomwa na leza yako ina sifa moja ambayo huwezi kuinunua: pale paliposomeka 200 ndipo kichwa kinapofika ukikiamuru kiende 200.

Lakini mashine iliyopinda itachora gridi iliyopinda, na maandishi yatapinda nayo. Kwa hiyo anza na mashine. Kaza mikanda, kisha weka nukta nne zenye kufanya mstatili wa milimita 300 kwa 400, kama eneo la mashine yako linatosha. Pima ulalo kutoka kona hadi kona. Ulalo wa kwanza na wa pili, kila mmoja unatakiwa usome 500. Ulalo mmoja ukizidi mwingine, reli ya juu haijakaa pembe mraba. Legeza skrubu, isukume, kaza, pima tena. Halafu choma mstari wa milimita 200 uupime. Mashine nyingi za bei nafuu zinaendeshwa na GRBL, programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe, na humo kuna namba $100 na $101 zinazosema mota ipige hatua ngapi kwa kila milimita. Kama namba ni 80 na mstari wako umetoka milimita 199, zidisha 80 kwa 200 ugawe kwa 199: unapata 80.4. Andika hiyo. Hapa usiwe na haraka. Dakika ulizotumia kwenye vipimo hivi zitakurudia katika kila kazi.

Ubao wenyewe hauna makuu. MDF ya milimita 6 inatosha, mradi iwe imenyooka. Mashine na ubao vifungwe pamoja kwa skrubu, maana mguu wa mashine ukisogea hata kidogo, gridi yote imekuwa pambo. Choma mistari kila milimita 10, ile ya kila 50 iwe mizito zaidi na iwe na namba. Nguvu ya leza iwe ndogo. Unataka rangi ya kahawia, hutaki mfereji.

Sasa tuje kwenye sifuri, ambayo kwangu ndiyo roho ya jambo lote. Gridi haina maana kama mashine haijui inaanzia wapi. Mashine yenye swichi za kikomo huenda yenyewe kwenye kona ukiiwasha na kuiamuru. Isiyo nazo huhesabu kwamba popote kichwa kilipo wakati wa kuwashwa ndiyo sifuri. Basi kabla ya kuwasha, sukuma kichwa kwa mkono hadi kigote kwenye kona ya mbele kushoto, kila siku, bila kukosa. Na kwenye programu ya kompyuta inayoiamuru mashine, iwe LightBurn au nyingine, chagua ianze kuhesabu kutoka sifuri ya mashine, isianzie pale kichwa kilipo sasa hivi. Faida yake utaiona umeme ukikatika katikati ya kazi. Usikiguse kibao. Umeme ukirudi, rudisha kichwa kwenye kona mashine ikiwa imezimwa, iwashe, choma sehemu iliyobaki, na herufi zitaendelea pale zilipoishia.

Tuchukue kibao chenye upana wa milimita 300 na kimo cha 200. Kona yake ya chini kushoto naiweka kwenye 50 na 50. Katikati yake basi ni 200 na 150. Kwenye programu nayapeleka majina yawe na kitovu hapohapo. Majina yakiwa na upana wa milimita 180, yataanzia 110 na kuishia 290, yakiacha 60 kila upande. Sijagusa kibao kwa penseli, wala sijabahatisha.

Tatizo ni kwamba vibao vya seremala mara nyingi havina pembe mraba. Ukikilaza kwenye gridi utaona mara moja: ukingo wa chini umelala kwenye mstari wa 50, wa juu unaanza kwenye 250 na kuishia 252. Hapo usigawanye tofauti. Linganisha ukingo ule ambao macho yatauona karibu na maandishi, na kitovu kitafute kwa kunyoosha uzi kutoka kona hadi kona. Ukisoma mistari, inama uangalie kutoka juu kabisa, kwa sababu unene wa kibao hudanganya ukitazama kwa upande. Ile nukta nyekundu ya kuelekezea nayo, kama inamulika kwa mshazari, huhama kadiri kibao kinavyokuwa kinene. Mimi naamini namba.

Ukiwa umeinama hivyo, miwani ya leza iwe usoni, na iwe ile ya mwanga wa leza yako. Hata mwanga hafifu wa kuzungushia mpaka wa kazi unaweza kuumiza jicho.

Kwa peni na vishikio vya funguo, kata vitundu vya umbo lake kwenye kadibodi, kisha uibandike kwenye gridi kwa kufuata namba. Ukishaandika namba hizo kwenye kadibodi yenyewe, mteja akirudi mwakani na oda ileile unaanza kazi papo hapo.

Jambo moja la kulinda: usikate kitu juu ya gridi. Mwale ukipenya utafuta mistari, na moshi utarudi kuchafua mgongo wa kazi. Kwa kukata, weka sahani ya chuma yenye matundu juu yake, ukumbuke kurekebisha fokasi, yaani umbali wa leza na kazi. Ubao ukichakaa, ufungue, ugeuze, uchome upande wa pili.