Maswali yenu ya anga za juu: Gagarin, Laika, na Uhuru ya Malindi

Wadau wa Kigoma, mmeuliza mengi, ngoja niingie moja kwa moja.

Nimebishana na jamaa yangu hapa Gungu, mi nasema wa kwanza angani ni Gagarin, yeye anakomaa ni Armstrong. Nani yuko sahihi?

We ndo uko sahihi, ila mwenzio usimcheke, wengi wanachanganya. Yuri Gagarin wa Usovieti alipaa tar 12 Aprili 1961 akaizunguka dunia mara moja, safari nzima dakika 108. Na kutua hakutua na chombo chake, alichomoka kikiwa bado kama kilomita 7 juu akashuka kwa parachuti yake mwenyewe hadi shambani, jambo ambalo Wasovieti walilificha miaka kibao maana sheria za rekodi zilitaka rubani atue na chombo.

Armstrong, Mmarekani, ni wa kwanza kukanyaga mwezini, miaka nane baadae. Vitabu vinaandika tar 20 Julai 1969, lakini kwa saa zetu chombo kiligusa mwezi saa 5 na dakika 17 usiku wa Jumapili, yeye na mwenzie wakabaki humo ndani wanajiandaa, yaani Armstrong anakanyaga chini ni saa 11 na dakika 56 alfajiri, kwetu ishakuwa Jumatatu tar 21. Hii naipenda sana, kwa sababu usiku ule mwezi ulikuwa mchanga haujafika hata nusu, na wakati wanatua kwa huku Kibirizi ulikuwa umeinama upande wa Kongo unakaribia kuzama, kwahiyo mvuvi wa dagaa aliyeinua macho wakati ule alikuwa anaangalia pale pale walipo. Alfajiri Armstrong anashuka ngazi sisi mwezi ulishazama zamani. Televisheni bara hatukuwa nayo, habari ilitufikia kwa redio.

Mwanangu ananisumbua, yule mbwa wa Warusi alirudi? (Mama wa Ujiji)

Hapana mama, hakurudi. Laika aliokotwa mitaani Moscow, wakamrusha tar 3 Novemba 1957, mwezi mmoja tu baada ya Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, na chombo hakikutengenezwa kurudi, walilijua hilo tangu mwanzo. Miaka mingi ikasemwa aliishi siku kadhaa kule juu, mpaka 2002 ndo ukweli ukatoka kwamba alikufa ndani ya masaa machache kwa joto. Mi naona alionewa, na hata Oleg Gazenko, mmoja wa wanasayansi waliomuandaa, uzeeni alisema anajuta. Mtoto akihuzunika mpe na ya Belka na Strelka, walirushwa Agosti 1960 wakarudi wazima, na Strelka akaja kuzaa watoto sita.

Nikifundisha haya wanafunzi wananiambia ni mambo ya Wazungu. Afrika Mashariki tuna chochote humo? (Mwalimu, Kasulu)

Shikamoo mwalimu. Tunacho, na inaniuma kwamba hatufundishwi.

Anza na Tunguu, Unguja. Wamarekani walipoanza kurusha watu kwenye mradi wa Mercury walihitaji vituo vya redio kuizunguka dunia nzima, maana chombo kikishavuka upeo wa macho hukisikii tena, lazima mwingine huko mbele akipokee. Kituo kimoja kikajengwa Tunguu, kwahiyo John Glenn alipokuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, tar 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwemo kwenye kazi. Kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi.

Afu njoo Malindi, Kenya. Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini yanaitwa San Marco, wakawa wanarusha roketi pale. Kwanini pale? Ikweta. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki na kwenye ikweta ndo kasi yake kubwa kuliko kote, kama kilomita 1,670 kwa saa, kwahiyo roketi inayoelekea mashariki inaondoka tayari na kasi hiyo ya bure na mafuta yanapungua, afu mashariki yenyewe ni Bahari ya Hindi, ikianguka haimwangukii mtu. Tar 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikarushwa toka pale setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa maalum kuchunguza eksirei za angani. Eksirei hizo huku chini hazifiki, hewa inazimeza, lazima uzifuate juu. Marjorie Townsend wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliyesimamia mradi akaipa jina Uhuru, kwa heshima ya siku ile na wenyeji wale. Vipimo vyake ndo vilifanya wanasayansi waanze kuamini kwamba Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei angani, ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hautoki, na Riccardo Giacconi aliyeongoza upande wa sayansi akaja kupata tuzo ya Nobel 2002. Mwalimu, hiyo ianze hata kabla ya Armstrong.

Mi ni fundi cherehani Kibondo. Mwanamke wa kwanza angani alisomea nini?

Dada yangu, Valentina Tereshkova alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo! Urubani hakuwa nao, kilichombeba ni kuruka na parachuti, maana kama nilivyosema kwa Gagarin vyombo vile mwisho wa safari lazima uruke mwenyewe. Tar 16 Juni 1963, akiwa na miaka 26, akaizunguka dunia mara 48 kwa karibu siku tatu, muda unaozidi wa Wamarekani wote waliotangulia ukiwajumlisha. Afu Wasovieti wakishapata rekodi yao wakaacha, wanawake wanne waliofanya nae mazoezi hakuna hata mmoja aliyepaa, na wa pili akaja 1982, Svetlana Savitskaya. Miaka 19! Hili siwezi kuwasamehe.

Na mtu mweusi wa kwanza?

Arnaldo Tamayo Méndez, Mcuba, Septemba 1980. Mwanamke mweusi ni Mae Jemison wa Marekani, 1992.

Huku Kibirizi usiku naona nyota inatembea, haina mlio. Ni nini?

Inaweza kuwa setilaiti yoyote, ila kama inang'aa sana kuliko nyota zote basi kuna uwezekano mkubwa ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, na humo ndani kuna watu, hakijawahi kuwa kitupu tangu tar 2 Novemba 2000. Kiko juu kama kilomita 400, karibu sawa na reli ya kutoka Tabora kuja huku, na kinaizunguka dunia kwa dakika kama 90. Taa yake huioni, unachoona ni jua linakipiga huko juu wakati sisi giza lishaingia, ndo maana kiangalie saa moja au mbili baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza. Kikipotea ghafla katikati ya anga kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Ukiona inawakawaka nyekundu na kijani, hiyo ni ndege.