Hiyo jeli usiibandue kwa mkono, nakuomba

USIBANDUE. Umeuliza rangi gani kali za kucha zinakaa vizuri kwenye ngozi nyeusi, kama mikono na miguu lazima ifanane, na kama ofisini watakusema, ila mi nimekwama kwenye ule mstari wa katikati ulioupitisha kama kitu cha kawaida, eti jeli ya mwezi uliopita, ile rangi ya kucha inayokaushwa kwenye taa, imeanza kunyanyuka pembeni kwa hiyo usiku huu unaibandua yote na kesho unapaka njano ya limau na pinki kama wadada wa Ulaya wanavyopaka baridi ikiisha. Mdogo wangu, toa mkono kwenye hiyo kucha kwanza ndo uendelee kusoma.

Mi niko Moshi, ni fundi cherehani, mikono ndo inanilisha. Mwaka juzi ilikuwa sendoff ya mdogo wangu wa tumbo moja, kamati ikachagua rangi ya chungwa iliyokolea, na mimi nilikuwa na jeli nyekundu ya wiki tatu. Nilikuwa nimeenda duka la vipodozi kununua dawa ya kuitolea, muuzaji akanipa chupa ya pinki akaniambia "hii inatoa zote dada", kumbe ilikuwa haina asitoni, ile kemikali inayolainisha jeli, nimesugua na pamba mpaka mkono umechoka, jeli haijatikisika. Basi Alhamisi usiku nimekaa kwenye kochi nikaona ile pembe imenyanyuka nikaanza kubandua. Na inatoka kwa raha kweli, kama ganda la yai la kuchemsha, kuna video nyingi tu mtu anabandua kumi zote huku anacheka na hakuna hata moja inayokuonyesha kucha zake wiki inayofuata. Chukua kipande kimoja kilichotoka kigeuze ukiangalie kwa ndani karibu na taa. Utaona utando mweupe umegandia, unachanikachanika. Nilidhani ni gundi. Si gundi, ni kucha yenyewe. Kucha ni tabaka juu ya tabaka kama chapati ya kukunja, na jeli ikishakaushwa kwenye taa inashikana na lile la juu, ukivuta inaondoka nalo na la chini yake.

Sasa hapo ningeachia hapo zingepona zenyewe. Kosa lenyewe lililonimaliza ni la Ijumaa asubuhi. Nimefika saluni, kucha zina mabaka meupe, laini kama karatasi, ukibonyeza zinapinda, yule dada akaziangalia akasema "zimechoka kidogo tu, tunazifunika." Tunazifunika! Badala ya kuniambia dada pumzisha, akachukua mashine akasaga tena juu ya kucha iliyobaki nusu, eti jeli mpya ishike. Akapaka nyeupe ya chini, akapaka chungwa mara mbili, nene, akaingiza mkono kwenye taa, na pale ndo nilipoumia, moto umeingia mpaka kwenye nyama nikachomoa mkono, yeye akanirudishia kwa nguvu, "vumilia, urembo gharama." Mpaka leo hilo neno likinijia nakasirika upya. Jeli inapokaza inatoa joto yenyewe, kwenye kucha nzima hulisikii sana, kwenye kucha iliyosagwa hakuna cha kulizuia, na ukipaka nene joto linazidi. Mteja akichomoa mkono mwache achomoe, upake nyembamba, au umwambie aende nyumbani. Mtu anayeishi kwa kazi hiyo ilibidi ayajue haya kabla ya kushika mkono wa mtu, na elfu ishirini na tano yangu akapokea.

Picha za sendoff zimetoka nzuri, hilo sikatai. Jumapili nimeanza kumenya ndizi za mtori, ule utomvu ukiingia na kisu kikigusa ncha ya kidole nilikuwa nalia machozi kabisa mama akaniuliza nimefiwa na nani. Maji ya moto sishiki. Baada ya wiki kucha ya gumba na ya shahada zimeanza kuachana na nyama, weupe unatokea ncha unashuka chini taratibu. Nikaenda kliniki ya ngozi pale hospitali ya KCMC, daktari akakata sehemu yote iliyoachia, akaniambia weka pakavu, usipake kitu, subiri. Kusubiri kwenyewe sasa! Kucha ya mkono inaota kama milimita 3 kwa mwezi, kuanzia kwenye shina mpaka ncha ni kama miezi 6. Fundi asiyeweza kuokota sindano mezani wala kubana pini kwenye kitambaa, nimerudisha advansi za watu wawili waliokuwa wananisubiri kwa ajili ya Pasaka, na mmoja mpaka leo anashona kwa mwingine.

Kwa hiyo sikia. Hizo zilizonyanyuka zisikunase kwenye nguo, chukua kikata kucha ukate ile pembe inayoning'inia tu, usivute. Kesho tafuta asitoni yenyewe, soma chupa, iwe imeandikwa, usimsikilize muuzaji. Pitisha msasa laini juu ya jeli mpaka ule mng'ao uishe, ile ya juu ndo inazuia asitoni kuingia, ila usifike kwenye kucha. Paka vaselini kwenye ngozi pembeni. Kipande cha pamba kiloweshe, kiweke juu ya kucha, funga na foili, kaa dakika 10 mpaka 15. Ikiwa tayari utaona imevimba imekunjamana, unaisukuma na kijiti cha mti inateleza. Ikigoma usiilazimishe, funga tena. Na usifanyie jikoni hata kidogo, asitoni inashika moto haraka sana na mvuke wake pia, kaa dirishani mbali na jiko la gesi na mshumaa, umeme ukikatika acha mpaka urudi. Ukimaliza paka mafuta ya nazi kucha na pembeni, siku kadhaa, kabla ya kitu chochote.

Rangi we chagua unayoipenda, kusema kweli masika yetu haya ambayo mawingu yamefunika mlima wiki nzima mkono wenye njano unapendeza mno. Ila safari hii iwe rangi ya kawaida isiyoingia kwenye taa, anza na ile ya chini isiyo na rangi maana njano na chungwa zinatia doa kwenye kucha, na hizo kali zinapitisha mwanga, bila nyeupe chini hazitoki kama kwenye picha.

Gumba langu ndo lilichelewa kuliko vyote, bado lina kimfereji ukipitisha kidole. Kama umeshabandua hata kimoja kabla hujasoma hapa, simama hapo hapo, piga picha uweke nikione, leo nashona sare za kwaya niko macho mpaka saa saba.